Hondohondo na Mvule wa Mkewe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye njaa avumilie, maana ngano hii ina chakula ndani yake.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisalimiana na watu njiani, palikuwa na mtu aliyeitwa Likotwa. Mkewe aliitwa Nambunga. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, mahindi yakakauka yangali machanga. Na mwaka huohuo Nambunga akajifungua mtoto wa kike.

Mtoto akanyonya, maziwa hayakutoka. Akalia. Mama naye akalia.

Jirani yao alikuwa Fisi. Akamwambia Likotwa, "Bwana we, msitu ule wa nini? Kata, choma mkaa, nunua unga. Mimi upande wangu nimeshaanza."

Likotwa akachukua shoka, akaenda msituni. Akachagua mvule mkubwa. Akapiga, ko!

"Usikate!" ikalia sauti juu. Alikuwa Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. "Ndugu yangu, mke wangu yumo ndani ya mti huu. Anaatamia. Mlango tumeuziba kwa udongo, na manyoya yamemnyonyoka, hawezi kuruka. Namlisha kwa tundu hili dogo."

Likotwa akatazama. Kweli, akaona ncha ya mdomo ikichungulia tunduni.

"Mke wangu naye yumo ndani," akasema taratibu, "na sina cha kumlisha."

Hondohondo akashuka hadi tawi la chini. Kisha akasema, "Nipe siku tatu. Nifuate."

Siku ya kwanza akampeleka penye mabungo yaliyoiva. Likotwa akajaza kikapu. Fisi akamwona, akacheka: "Hicho chakula cha nyani!"

Siku ya pili akamwonyesha ming'oko, ile mizizi minene ya porini. "Chimba, lakini usimalize," Hondohondo akamwambia. "Mingine iache ardhini, ichipue." Likotwa akachimba, akaacha. Fisi akiwa na tonge la ugali mkononi akacheka tena: "Mwenzako nala unga, wewe wachimba kama nguruwe!"

Siku ya tatu akampeleka kwenye asali. Fisi safari hii hakucheka. Alikuwa anakwangua sufuria.

Nambunga akala ming'oko ya kuchemsha, akachovya kwenye asali. Akala akashiba. Kulipokucha maziwa yakaja. Mtoto akanyonya kwa pupa mpaka akasinzia, tone la maziwa likabaki kidevuni. Likotwa akakaa akimtazama tu, machozi yakamtoka.

Kisha akaondoka kwenda kwenye ule mvule, akakanda udongo, akaupaka pale alipoutia jeraha. "Nisamehe, shemeji," akaliambia lile tundu.

Haikupita wiki, Fisi akaja na shoka. "Mkaa wangu umekwisha, unga umekwisha, miti yangu imekwisha. Nipishe niukate huu."

Likotwa akaweka mgongo kwenye shina. "Sipishi."

"Nipishe!"

"Sipishi."

"Nipishe, nina njaa!"

"Najua una njaa, jirani. Lakini ndani mna mama."

Fisi akainua shoka, lakini njaa ilikuwa imemmaliza nguvu. Shoka likamponyoka. Ndipo Nambunga akaja, mtoto mgongoni, bakuli mkononi. "Kula, jirani. Kesho utafuatana na mume wangu, atakuonyesha pa kuchimba."

Fisi akala. Lakini kesho yake hakutokea, aliona haya. Ndiyo maana mpaka leo huzunguka nyuma ya nyumba za watu kuokota makombo, na ukimtazama huinamisha kichwa.

Na Hondohondo? Siku moja ule udongo ukapasuka, mkewe akatoka na manyoya mapya, na makinda mawili nyuma yake. Akaruka, akaanguka, akaruka tena. Mumewe akapiga kelele msitu mzima ukasikia.

Wanangu, anayekata msitu hushiba siku moja. Anayeutunza hushiba yeye na watoto wake. Msitu ni ghala lisilo na kufuli. Chukua cha leo, na cha kesho kiache kikue.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, ibebeni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.