Kengele Iliyonyamaza Ukunguni

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Anyosisye, alikuwa na kengele. Wabebaji wa viazi walimkabidhi wenyewe ili awatangulie kwenda sokoni, ng'ambo ya mlima. Huko ukungu hushuka mzito hata usione gunia la aliye mbele yako, kwa hiyo desturi yao ilikuwa moja tu: kengele isinyamaze. Ikilia, tembea.

Baada ya mvua za wiki nzima, walipanda. Nyuma yake alifuata Tusekile, gunia kichwani, mtoto wake Gwakisa mgongoni. Sikio lake likanasa jambo la ajabu. Kengele ilizidi kupigwa kwa nguvu, lakini miguu ya Anyosisye ilizidi kusita. Inakuwaje mkono ukimbie na miguu iogope? Tusekile akasukuma jiwe pembeni kwa kidole cha mguu. Likadondoka, wala hakulisikia likitua. Akapeleka mkono nyuma, akamshika mtoto.

"Kaka Anyosisye, hivi hapa unapajua?"

Nyuma wakaangua kicheko. "Mama Gwakisa, acha maneno, tembea! Kengele si inalia?"

Hapo kengele ikanyamaza. Kicheko nacho kikakatika, yakaanza matusi.

Anyosisye akasema, "Sipajui. Njia imebomoka. Shikaneni mikono, asisogee mtu. Nitapima kwa fimbo; nikigonga mara moja, njooni hatua kumi, basi."

Tusekile alistaajabu. Mtu anakiri kwamba hajui, na sauti yake haitetemeki! Tangu asubuhi hakuwa amesikia neno la kuliegemea kama lile. Akashika mkono wa aliye nyuma, akangoja fimbo igonge mara moja. Kumi, wakasimama. Kumi, wakasimama. Jua lilipopasua ukungu waliliona korongo walilolipita ukingoni. Hakupungua mtu.

Sokoni, kabla hata magunia hayajatua, walimvua kengele. "Kiongozi gani huyu asiyejua njia?" Wakampa mwingine, mwenye mkono usiopumzika. Tusekile alipinga mpaka sauti ikamkauka. Wakamwambia amnyonyeshe mtoto, mambo ya njia awaachie wenye njia.

Basi niambieni, ninyi mliofika salama kwa sababu mtu mmoja alithubutu kusema "sipajui": kengele mmemvua kwa kosa gani?