Bata Bukini wa Mwanamvua

Jamani, hadithi inabisha hodi!

— Karibu, na iingie.

Ikiingia na njaa?

— Tutailisha.

Ikiingia na kiu?

— Tutainywesha.

Na ikiingia imechoka?

— Tutaitandikia.

Basi sogeeni. Wa nyuma asije akasema hakusikia.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na mtu akiitwa Shekiondo. Kazi yake ilikuwa kuchonga vinu. Vinu vyake vilisifiwa mto mzima, juu na chini, lakini mwenyewe hakuwa msemaji. Maneno aliyosema kwa siku ungeweza kuyafunga kwenye pindo la shuka na nafasi ikabaki.

Mkewe alikuwa Mwanamvua. Huyo alisema kwa wawili. Na Mwanamvua alifuga bata bukini tisa, weupe, wakubwa, wenye shingo ndefu na sauti za kuamsha mtaa. Mkubwa wao alikuwa jike mmoja mzee aliyeitwa Bi Shingo. Dume lao liliitwa Jemadari, nalo lilikuwa na tabia ya kufukuza wageni.

Nimesema wanyama walisema na watu. Lakini walikuwa na adabu yao. Hawakuzungumza na mtu ambaye hakuwauliza. Asiyeuliza alisikia kwaa, kwaa, basi.

Ikawa siku moja Mwanamvua akapata homa. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alimwita mumewe karibu.

"Mume wangu," alimwambia, "vinu vyako vitajiangalia. Bata wangu waangalie wewe."

Shekiondo akaitikia kwa kichwa. Mwanamvua akafa, akazikwa.

Dada yake Shekiondo, Bi Mboni, alikuja kusimamia msiba. Alikuwa mjane, mwanamke mwenye nguvu na asiyependa kupoteza kitu. Aliwatazama wale bata, akasema siku ya arobaini watu watakuja wengi na watataka kitoweo. Shekiondo akamwambia ameusiwa. Bi Mboni akafikiri kidogo.

"Sawa, mdogo wangu. Siku ya arobaini nikiwakuta wazima, watabaki. Nikiwakuta wanasinzia sinzia, nawachinja, kuliko wafe kibudu."

Mapatano yakawa hayo, na dada mtu akarudi kwake, ng'ambo ya mto.

Basi Shekiondo akaanza kulisha bata. Hakujua walikula nini. Miaka yote ile alikuwa akiamka, anakwenda kwenye magogo yake, na bata walikuwa jambo la mkewe. Akaingia ghalani, akakuta pembeni mahindi yaliyolowa mvua, yameota ukungu wa kijani. Akasema moyoni kwamba bata ni bata, hachagui. Akawamwagia.

Bi Shingo akanyoosha shingo, akamtazama kwa jicho moja, akasema kwaa, kwaa. Shekiondo akadhani anashukuru, akaenda zake kuchonga.

Siku ya tatu bata wawili walikuwa wamekufa. Wakabaki saba.

Akamuuliza jirani wa kwanza. Jirani akasema bata wanamlilia mama yao, wabembelezwe kwa vitamu. Shekiondo akapika wali wa nazi. Akakaanga maandazi, ya kwanza maishani mwake, mengine mabichi na mengine makaa. Akawapa asubuhi, akawapa mchana, akawapa jioni.

Bi Shingo akanyoosha shingo, akamtazama kwa jicho moja, akasema kwaa, kwaa. Shekiondo akadhani anasifu mapishi, akaenda zake kuchonga.

Baada ya siku kumi bata walikuwa wamenona mpaka kutembea ni shida. Kijana mmoja wao, bawa moja lilikuwa limepinda na kuning'inia. Jemadari, aliyekuwa akifukuza wageni hadi njia panda, sasa alichechemea hatua mbili akakaa.

Akamuuliza jirani wa pili. Jirani wa pili akasema hilo ni jicho la watu, wafungiwe ndani. Shekiondo akawahamishia katika jiko la marehemu. Akawatandikia mikeka miwili mizuri. Maji akawawekea kwenye kikombe, wasije wakalowesha mikeka. Wali na maandazi havikukatika.

Bi Shingo akanyoosha shingo, akamtazama kwa jicho moja, akasema kwaa, kwaa. Shekiondo akadhani anabariki nyumba mpya, akafunga mlango, akaenda zake kuchonga.

Basi wenzangu, mnajua bata saba wanachoweza kuifanyia mikeka miwili. Nisiseme, kuna watu hapa hawajala. Macho yao yakagandamana kwa ukoko. Pua zikaziba. Yule mwenye nguvu kuliko wote akawa analala mchana kutwa.

Siku ya thelathini Bi Mboni alipita kuangalia hali. Alifungua mlango wa jiko, akaufunga upesi. Alikwenda kwa majirani kuazima sufuria kubwa, akarudi kwake kunoa kisu.

Shekiondo akaketi kizingitini pa jiko. Wasia wa mkewe ulikuwa unamwozea mikononi, naye alikuwa amefanya yote aliyoambiwa. Hakuwa amelia tangu mazishi. Hata wakati huo hakulia. Alichoka tu, akafungua mlango, na kwa kukosa mtu mwingine wa kusema naye, akamwambia yule jike mzee, "Bi Shingo, mmeamkaje?"

"Vibaya," akajibu Bi Shingo.

Shekiondo nusura aanguke.

"Kumbe unasema?"

"Nasema tangu siku ya kwanza. Hukuuliza, ndiyo maana hukusikia."

"Niliuliza majirani."

"Majirani walikuwa wanaumwa?"

Bi Shingo akainuka kwa taabu, akajikung'uta, akamwambia maneno mawili: "Toka, nifuate."

Wakatoka. Bi Shingo mbele, bata watano nyuma yake, na Jemadari mikononi mwa Shekiondo, maana mguu ulikuwa hautaki. Walitembea hatua kumi wakapumzika, hatua kumi wakapumzika, hatua kumi wakafika ukingoni mwa mto penye ukoka. Bata wakaanza kukata ncha za majani mabichi, zile fupi laini, krap, krap, krap, kama mafundi wanaokata kitambaa. Shekiondo akaona jambo la ajabu. Ndege aliowapikia wali kwa mwezi mzima walikuwa wanakula nyasi kama mbuzi.

Bi Shingo alimweleza, mdomo umejaa, kwamba hicho ndicho chakula chao, asubuhi hadi jioni. Pumba safi, konzi moja kwa kila bata wakati wa kurudi nyumbani, inatosha. Yale mahindi ya ukungu ndiyo yaliyowaua wenzao wawili. Nao wali na maandazi viliwanenepesha, na bawa la kijana lilikuwa bado linakomaa, likakua haraka kuliko mfupa wake ulivyoweza kulibeba, ndipo likapinda.

Akawapeleka kwenye mchanga. Bata wakaokota changarawe, wakameza. Shekiondo akataka kuwazuia.

"Wewe una meno mdomoni," Bi Shingo akamwambia. "Sisi ya kwetu tunayaokota, tunayaweka kwenye firigisi."

Kisha wakaingia kwenye maji ya kina kifupi. Wakazamisha vichwa vyote, wakavitoa, wakavizamisha tena, wakapuliza pua kama wazee wanaotawadha. Ukoko ukalainika, macho yakafunguka. Bi Shingo akamgeukia.

"Kikombe kinanywesha mdomo. Macho na pua, vitanyweshwa na nani?"

Akabaki Jemadari. Shekiondo akamgeuza mguu, akaona chini ya unyayo kivimbe kigumu, na ndani yake mwiba. Akaenda nyumbani, akachemsha maji, akatia chumvi, akayaleta, akaacha yapoe kiasi cha kuvumilika na mkono. Akauloweka ule mguu mpaka ngozi ikalegea, akautoa mwiba taratibu kwa mkono uliozoea kazi ndogo ndogo za patasi, akaufunga kwa kitambaa safi. Jemadari alimng'ata sikio mara moja, na hakuomba radhi.

Walipokuwa wameketi kivulini, bata wakichambua manyoya, Shekiondo aliuliza mkewe aliyajuaje yote hayo.

"Alituuliza," akasema Bi Shingo. "Kila asubuhi, mmeamkaje? Na akasubiri jibu. Na sisi tulimuuliza yeye."

Shekiondo akang'oa jani la ukoka, akalizungusha vidoleni.

"Alisema nini?"

"Mara nyingi alisema salama. Siku nyingine alisema mgongo unamuuma. Siku nyingine alisema mume wangu amechonga kinu kizuri, sijui kama amejua nimekiona."

Hapo ndipo Shekiondo alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, ukingoni mwa mto, na bata saba wakamzunguka kimya. Wale bata kunyamaza, wenzangu, lilikuwa jambo kubwa.

Tangu kesho yake mambo yakageuka. Aliitoa mikeka, akalipiga deki jiko, akawarudisha bata kwenye banda lao. Akauliza watalalia nini. Bi Shingo akamwambia maranda. Miaka yote Shekiondo alikuwa akijiuliza maranda ya vinu vyake yanakwenda wapi, akidhani ni upepo. Kumbe Mwanamvua alikuwa akiyazoa kila jioni. Akatandika maranda makavu, na kila yalipolowa akayatoa akaweka mengine. Gogo la mvule lililokuwa limeagizwa kwa kinu akalichonga hodhi pana la maji, kina cha kuzamisha kichwa na shingo. Mwenye kinu alipokuja kudai akaambiwa asubiri, kuna wagonjwa.

Asubuhi ya kwanza akauliza, mmeamkaje? Wakasema afadhali. Asubuhi ya pili akauliza, wakasema afadhali zaidi. Asubuhi ya tatu hawakusubiri aulize, walimwamsha wao.

Siku ya arobaini ikafika. Bi Mboni akaja na ndugu na sufuria na kisu. Alikuwa bado hajaingia uani, Jemadari akamwona. Bata yule alishusha shingo mpaka chini, akatoa ulimi, akaja kama mshale na kitambaa chake mguuni. Bi Mboni akazunguka nyumba mara ya kwanza, akaangusha kisu. Akazunguka mara ya pili, akaangusha sufuria. Akazunguka mara ya tatu, akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa, akasimama huko mbele ya wakwe na mashemeji.

"Nimekubali," akasema kutoka juu. "Huyu ni mzima."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wakasoma dua, wakala samaki na kunde, wakamwombea Mwanamvua. Bata walibaki wote saba. Lile bawa la kijana halikurudi, lilining'inia vile vile mpaka uzee wake, na Shekiondo kila alipoliona alikumbuka maandazi.

Watu walipotawanyika, Bi Mboni alibaki kuosha vyombo. Aliomba, mayai yakianguliwa, naye apewe makinda mawili akafuge. Alitaka aambiwe wanakula nini. Shekiondo akamwambia atawaona, atawauliza, watamwambia. Kisha akaketi karibu naye, mtu yule wa maneno machache, akasema, "Na wewe, dada, umeamkaje?"

Bi Mboni akajibu salama, kama watu wanavyojibu. Shekiondo hakuondoka. Akasubiri.

Dada mtu akaacha sufuria majini. Akajifuta mikono. Akasema ukweli ni kwamba tangu afiwe na mumewe, yapata miaka sita, hakuna aliyewahi kumuuliza akangoja jibu. Akaanza kusema. Alisema mpaka maji ya vyombo yakapoa, mpaka bata wakarudi wenyewe kutoka malishoni, wakala pumba yao, wakalala.

Mafunzo yake, wenzangu: chakula kingi si matunzo. Anayetunza huuliza kwanza, na akiuliza, hungoja.

Hadithi yangu imefika, imekula, imekunywa, sasa inaaga. Aliyeipenda aende nayo kwao. Asiyeipenda airudishe nilipoitoa, kwenye banda la Jemadari. Mimi nilipita pale siku moja kuomba yai. Kovu ninalo, ila mahali lilipo si pa kuonyesha watu.