Hamna Mtu

Waumini wenzangu, kulikuwa na mama mmoja aliyeishi na binti yake wa miaka thelathini na mmoja. Mwili wa binti huyo ulikaza tangu kuzaliwa. Hatembei, mikono haimtii, na neno moja humchukua muda kulitoa. Lakini akili yake ilikuwa timamu, na yeye alimjua kila jirani kwa mshindo wa hatua zake. Mtu akibisha hodi, mama ndiye aliyeitikia. Binti alikuwa na "karibu" yake kifuani, ikabaki humo humo, maana kabla hajafungua kinywa mgeni ameshaketi.

Akaja mwalimu mmoja kutoka kituo cha watu wenye ulemavu. Akateremsha komeo la mlango hadi chini, akalifunga kitanzi cha kanga kuukuu, ili binti atambae, apitishe mkono humo na kuvuta. Kisha akaanza kumfundisha kuitikia hodi.

Mama akachukia. "Mwalimu, unamtesa mwanangu bure. Mlango nitafungua mimi. Mimi si nipo?"

"Upo, mama, na Mungu akuweke. Lakini na yeye yupo."

Kazi hiyo ilichukua miezi minane. Binti alichubuka viwiko, akalia, akaanza upya. Na yule mama aliyekuwa akinung'unika akawa ndiye anayetoka nje kila alasiri, anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, halafu anasimama juani kungoja.

Asubuhi moja mama akaanguka jikoni. Binti akamwita, asijibiwe. Akajivuta kuelekea mlangoni, na hajafika nusu akasikia hatua za jirani aliyekuja kurudisha chekeche.

"Hodi hodi hodi."

Ndugu zangu, tumefundishwa kubisha mara tatu ndipo turudi. Je, tumefundishwa kuzimaliza zote tatu kwa pumzi moja? Binti alikuwa kwenye "Ka" pale jirani aliposema, "Aa, hamna mtu," akaenda zake.

Hofu ikamshika binti, hofu ambayo hajapata kuiona. Mama yake alikuwa anamponyoka, na mtu wa kumsaidia ameshapotea kichochoroni. Akaendelea kutambaa.

Akapita muuza mkaa, mgeni wa mtaa huo. Akabisha mara moja, akatua gunia kizingitini. Msimsifu upesi, hakungoja kwa wema, alichoka tu. Na katika kuchoka kwake akasikia komeo likikwaruza, na sauti kutoka chini ya mlango: "Ka... ri... bu."

Mama akawahishwa hospitali, akapona. Aliporudi nyumbani, jirani akaja kumpa pole.

"Pole sana, dada yangu. Nami nilipita asubuhi ile ile, nikabisha hodi, bahati mbaya hamkuwa na mtu."

Mama akafungua kinywa kumjibu, kisha akakifunga. Akamgeukia binti yake, akangoja. Jirani naye akangoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja.

"Ni... li... ku... wepo," binti akasema.

Jirani akainamisha kichwa, akalia.

Waumini wenzangu, binti alijifunza miezi minane, na viwiko vyake vina makovu ya kushuhudia. Sisi tumejifunza nini? Tunapenda kuwaombea hawa ndugu zetu, tunapenda kuwabeba na kuwasemea. Hayo hatuchoki, kwa sababu tunayafanya kwa mwendo wetu. Mwendo wao ndio unaotushinda. Na bado kila siku tunamwomba Mola atuvumilie sisi, tunaokawia kumwitikia.

Leo tukitoka hapa tutapita kwenye milango ile ile. Ukibisha hodi, nyamaza kidogo. Ndani mna mtu, na yuko njiani anakuja kukufungulia.