Pole kwa Masanduku ya Kiboko

Hodi ya uwongo!
— Ipite, mlango u wazi!
Imekuja na viatu?
— Imekuja peku, ukweli imeuvua nje!
Basi ikae, nami nianze.

Palikuwa na bonde lenye mto, na wanyama wa bonde hilo walikuwa na ushirika wao. Ili habari zipite upesi, walifunga masanduku ya kuitana, kila sanduku limeungwa kwa waya na jirani yake. Ukibonyeza huku, kule kunaitika. Wa mlimani walifunga masanduku ya fundi Nungunungu, yaliyolia ti-ti! ti-ti! Wa bondeni walifunga masanduku ya Mzee Kiboko, yaliyolia nguu! nguu! Katikati, kwenye ofisi ya ushirika, waya za juu zilikutana na waya za chini, na aliyezitunza alikuwa Kindi, fundi mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Masika yakaingia. Korongo, mlinzi wa mto kule juu, akaona maji yanakuja mekundu, yamebeba magogo. Akabonyeza. Ti-ti! likaitika la pili. Ti-ti! likaitika la tatu. Ti-ti! mpaka ofisini. Hapo zamu ikawa ya sanduku la Kiboko.

Zii.

Kindi akabonyeza tena. Ti-ti! Zii. Ti-ti! Zii.

Akatupa bisibisi, akatimua mbio kuteremka bondeni, tifu-tifu-tifu. Lakini nani amewahi kushindana na maji kwenye mteremko? Alipofika, kiota cha Mama Kanga kilikuwa kimekwenda, na mayai yake saba. Mama Kanga amesimama topeni, anapatazama mahali pale kama mtu aliyeweka kitu akasahau alikiweka wapi.

"Nisamehe, mama," Kindi akasema huku anahema.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Ulikimbia. Nimekuona ulivyokimbia."

Maneno hayo yalimchoma Kindi kuliko matusi. Kesho yake akaenda kwa Kiboko, akamkuta ndani ya maji, maboga yamemjaa mdomoni.

"Shikamoo mzee. Masanduku yako hayayaitikii ya Nungunungu."

"Marahaba. Yataitikaje? Yangu huitikia ndugu zake tu." Krau! akatafuna boga. "Yang'oeni yale ya mlimani, myatupe. Mfunge yangu tupu. Nanyi mtanipa shamba lote la maboga."

"Lakini yale ni mazima, mzee!"

"Basi yakae na uzima wake."

Akazama. Bluku-bluku-bluku. Mazungumzo yakaisha.

Kindi akarudi ofisini. Akajaribu kulifungua sanduku la Kiboko. Kifuniko kina kufuli, na ufunguo wake Kiboko huuvaa shingoni. Ni nani wa kupeleka mkono shingoni kwa Kiboko? Akajaribu kwa bisibisi, ikapinda. Akajaribu kwa meno, jino likamegeka. Akakaa chini, akalia kidogo, maana alikuwa peke yake. Halafu akatega jicho kwenye tundu la waya, akamwomba Korongo abonyeze.

Ti-ti! Na mle ndani, kitaa chekundu kidogo kikapepesa. Pe!

"Kumbe!" Kindi akaruka. "Linasikia! Linasikia, ila limekatazwa kuitika!"

Jioni ile hakuenda kugombana na mtu. Alipita nyumba kwa nyumba, akanong'ona. Asubuhi Nungunungu akafika mtoni, kofia mkononi.

"Pole sana, Mzee Kiboko."

"Pole ya nini?"

"Ah, mzee. Mungu akutie nguvu." Akaenda zake.

Akaja Korongo. "Pole, mzee. Ndiyo dunia."

"Pole ya nini?"

"Jikaze tu." Akaenda zake, akarudi juu zamuni.

Akaja Mama Kanga na kibakuli cha uji. "Kunywa, baba. Mimi nimepoteza mayai, najua uchungu wa mzazi. Kuwa na masanduku sita, na yote sita viziwi!"

"Viziwi?" Kiboko akatoka majini, maji yakafurika kingo zote mbili. "Masanduku yangu? Yangu yanamsikia siafu akipiga chafya!"

"Ndiyo, baba. Kunywa uji."

Kiboko akaenda ofisini, gbu! gbu! gbu!, wanyama wote nyuma yake. Akavua ufunguo, akafungua kifuniko, akageuza swichi ndogo tatu zilizojificha ndani. "Haya, mwambie Korongo abonyeze!"

Ti-ti!

Nguu!

"Mmesikia?"

"Tumesikia, mzee," Kindi akasema kwa upole. "Hilo moja ni zima, tushukuru. Pole kwa yale matano."

"Matano gani!" Kiboko akaliendea la pili. Akafungua, akageuza. Na kwa kuwa sauti hulifikia la pili kwa kupitia la kwanza, lile la kwanza halikufungwa tena. Ti-ti! Nguu! Nguu!

"Pole kwa yale manne, mzee."

Likafunguliwa la tatu. Pole kwa matatu. Likafunguliwa la nne. Pole kwa mawili. Alipofika la sita, kando ya kiota kipya cha Mama Kanga, Kiboko alikuwa anatoka jasho na bonde zima linaitikiana, ti-ti juu, nguu chini. Ndipo akatambua alichofanya. Akageuka arudi kuyafunga.

"Hapana neno, mzee, yafunge," Kindi akasema. "Nasi kesho tutakuja tena kukupa pole. Mama Kanga, andaa uji."

Kiboko akasimama. Akautazama ufunguo. Akautazama uji. Akauvaa ufunguo shingoni, akarudi mtoni.

Mwezi wa pili haukwisha, maji mekundu yakaja tena, adhuhuri kweupe. Ti-ti! Ti-ti! Nguu! Nguu! Mama Kanga akawakusanya vifaranga wake tisa, wadogo kama kokwa, akawapandisha mwambani mmoja mmoja. Maji yakapita chini yao, yakaenda. Kindi alipofika, bado anahema, akawahesabu. Tisa. Akawahesabu tena, kwa raha tu.

Na Kiboko? Siku hizi anawaambia wageni, "Mimi tangu ujana wangu nilisema: masanduku lazima yaelewane." Wanyama wanaitikia, "Kweli, mzee." Kuna ubaya gani?

Nimeifunga. Aliyecheka aende nayo. Ambaye hakucheka aniachie, nitamcheka mimi.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: chako kisielewane kamwe na cha jirani. Kila kitu nunua kwa mwenye mdomo mpana. Na mtu akikupa pole, usiulize ni ya nini. Ipokee tu unyamaze, usije ukatenda jema kwa bahati mbaya.