Ng'ombe wa Ambakisye

Ndugu zangu, kabla ya mfano niseme kosa langu. Mama Tupokigwe, mwenzetu wa jumuiya, alinieleza kuwa miezi mitatu sasa kuamka ni shida, chakula hakina ladha, na vidonge vya hospitali anavimeza lakini havijamwinua. Nikamjibu kwamba labda anasali kwa mdomo tu. Akasema, "Asante, mwinjilisti." Tangu siku ile hajaonekana hapa.

Sasa sikieni. Ambakisye alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na nyumba nzima ilimtegemea. Asubuhi moja, siku mbili baada ya kuzaa, ng'ombe hakusimama. Jeraha hana. Macho wazi, masikio ya baridi. Jirani wa kwanza akasema huyo anadeka, akamchapa fimbo. Wa pili akamvuta mkia. Wa tatu akamwekea majani mabichi puani, akaenda zake ameridhika. Ng'ombe aliyatazama tu.

Akaja bwana mifugo, akampiga sindano. Ambakisye akakaa, jicho kwenye miguu ya ng'ombe. Jua likapanda, ng'ombe yuko pale pale. Akasema dawa ni ya uongo, akaanza kunoa kisu, angalau wapate nyama. Bwana mifugo akamshika mkono.

"Dawa ni ya kweli, na kesho nitampiga nyingine. Lakini sindano haimgeuzi. Akilalia upande mmoja kutwa, miguu itakufa huku dawa iko mwilini. Mgeuzeni."

Basi wakamgeuza, watu wanne, kila baada ya saa tatu, upande huu, upande ule, juu ya majani makavu ya migomba. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili aliinua kiuno, akaanguka, mke wa Ambakisye akalia. Siku ya nne alisimama, anatetemeka. Kama ni sindano au ni mikono, hakuna aliyejua. Na hata leo, kila asubuhi wakifungua banda, roho zao huwa juu.

Mimi nilikuwa yule mwenye fimbo. Siku zinakwenda, na sijui Mama Tupokigwe amelalia upande mmoja tangu lini. Kubisha mlango wake peke yangu naogopa. Naomba watatu kati yenu mnisindikize leo, tukitoka hapa.