Ndimu Isiyopata wa Kuionja

"Nani ataonja?"

Pimbi aliuliza hivyo mbele ya baraza zima, bakuli mkononi. Mzee Ngiri akatazama kwato zake. Fisi akajikuna. Mama Kanga akageukia vifaranga vyake. Hakujibu hata mmoja. Nami nawauliza nyinyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo: mtu akiuliza, wenzake wakanyamaza, hapo amejibiwa au amedharauliwa?

Ngojeni, nimewakimbiza. Turudi mwanzo, tuingie kwa mlango wake.

Paukwa.

Pakawa, semeni na nyinyi wa nyuma niwasikie. Pakawa nini? Pakawa nchi ya mawe na majani makavu, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakila chungu kimoja.

Mvua zilikuwa zimeondoka. Mto ukawa mchanga. Wanyama wakafungua ghala, wakatoa mboga walizozikausha, wakazitia chunguni. Zikachemka, tokota, tokota, tokota, mpaka zikawa uji mweusi. Asubuhi uji mweusi. Jioni uji mweusi. Hata matango machache yaliyoota kwenye chemchemi waliyachemsha, kwani kibichi, walisema, ni chakula cha wasio na jiko. Wakala, wakashiba, na fizi zao zikaanza kutoka damu.

Aliyeumia zaidi ni Bibi Nungunungu. Meno yake yalianza kucheza. Na nungunungu ni meno, ndugu zangu. Mizizi ataitafunaje? Akawa analala tu, na mdomo umevimba.

Bibi huyu ndiye aliyemlea Pimbi. Mama yake Pimbi alichukuliwa na tai. Bibi akamwokota yule mtoto, akamlaza katikati ya miiba yake, na miiba ile haikumchoma hata siku moja.

Sasa, kule makaburini kulikuwa na mti wa ndimu. Ndimu zilijaa, zikaiva, zikaanguka. Hakuna aliyezila. Desturi yao ilikuwa hii: ndimu ni ya kunawia mikono ukitoka kuzika. Basi. Haiingii jikoni.

Pimbi alipita pale na kiu yake. Akaokota moja. Akalamba. Kali! Akalamba tena. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa akarudi. Damu ikakata. Fizi zikafunga, zikawa nyekundu nzuri kama ndani ya tikiti.

Pimbi akakimbia jikoni. Akakata ndimu, akakata na chungwa moja lililobaki ghalani, akakamua, chrii, chrii. Akaponda tangawizi, twa, twa. Akatia asali kidogo ya kutuliza ukali, mafuta ya ufuta kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole. Vyote ndani ya kibuyu. Akaziba, akatikisa, chuku chuku chuku, huku akiimba:

*Kamua, kamua, ndimu toa maji,*
*Bibi ana njaa, Bibi ana njaa.*
*Tikisa, tikisa, mafuta changanya,*
*Bibi ana njaa, Bibi ana njaa.*

Akakata matango mabichi na mchicha mchanga, akamwagia mchuzi ule. Kachumbari ikang'aa. Yote hayo, na maji ya uji mekoni yalikuwa hayajatoa hata povu.

Lakini chakula cha mgonjwa hakiliwi hivi hivi. Zamani mgonjwa mmoja alilishwa sumu. Tangu hapo ikawekwa sheria: mgonjwa hali mpaka mzee wa baraza aonje kwanza. Ndiyo maana Pimbi akaenda barazani. Ndiyo maana akauliza swali lile.

Walipokwisha kunyamaza, Mzee Ngiri akanusa bakuli.

"Hii ni ndimu."

"Ni ndimu, Mzee."

"Ya makaburini."

"Mti ni mmoja tu, Mzee. Nitaitoa wapi nyingine?"

Fisi akacheka. "Leo ndimu mezani. Kesho atatuletea sanda tufutie midomo."

Baraza likacheka. Pimbi akangoja wamalize.

"Mzee Ngiri, maiti tunamwosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Na asubuhi hii umekunywa nini?"

Mkia wa Ngiri ukasimama wima.

"Mtoto wa kike, umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na fizi za Bibi. Tazameni na zangu." Akafungua mdomo wake wote.

"Meno ya mtoto si ushahidi," akasema Ngiri. "Yanaota tena."

"Mwanangu, punguza mdomo," akanong'ona Mama Kanga.

"Mdomo wangu hautoki damu, Mama Kanga. Wako unatoka."

Mama Kanga akajifuta kwa bawa. Wengine wakatazama juu, kana kwamba kuna kitu mbinguni. Na Ngiri akasema neno lile ambalo wakubwa hulisema wakishindwa na hoja: "Tutalizungumza mwezi ukiandama."

Pimbi akarudi kwa Bibi na bakuli lake.

"Bibi, fungua mdomo."

"Wameonja?"

"Bado."

"Basi tungoje, mjukuu wangu."

"Bibi, kula. Hapa tuko wawili tu."

"Sheria hiyo niliiweka mimi. Aliyelishwa sumu alikuwa dada yangu. Nikiivunja leo kwa sababu ninakupenda, kesho nani ataishika kwa asiyempenda?"

Pimbi akaliweka bakuli chini. Akalia.

Asubuhi akakamua tena, kwa sababu mchuzi ule hauwekwi, ukilala unachachuka. Chrii, chrii. Chuku chuku chuku. Akaenda barazani. Hawakuonja. Akarudi.

"Wameonja?"

"Bado, Bibi."

"Basi tungoje."

Asubuhi nyingine akakamua tena. Barazani walikuwa wakijadili nani akae kivulini na nani akae juani. Wakamwambia asiwakatize. Akarudi. Safari hii Bibi hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono, akalishika bakuli, akanusa. "Inanukia vizuri," akasema. Akalirudisha.

Mwezi haukuwahi kuandama Bibi akiwa hai.

Wakamzika Bibi Nungunungu. Walilia kwa haki, siwasingizii, walimpenda. Kisha wakaketi chini ya ule mndimu, wakakata ndimu, wakanawa mikono. Na Fisi, mnamjua Fisi, hakuna asichokilamba. Akalamba vidole.

Akasimama.

"Mzee Ngiri," akasema polepole. "Hebu lamba."

"Makaburini hapa?"

"Lamba tu, Mzee."

Ngiri akalamba. Akakunja uso. Akalamba tena. Mama Kanga akalamba. Baraza zima likalamba vidole, kaburi bichi likiwa pembeni.

Jioni ile walimwomba Pimbi awatengenezee. Akatengeneza. Hakuimba. Wakala mpaka wakafuta bakuli kwa majani. Zikapita siku, na fizi zao zikafunga, moja baada ya moja. Mama Kanga akaacha kujifuta kwa bawa.

Ngiri akaja kwa Pimbi, ameinamisha kichwa.

"Mjukuu wangu, laiti tungejua."

"Mngejua vipi, Mzee? Ulimi mlikuwa nao. Bakuli lilikuwa mbele yenu."

"Tutabadilisha sheria. Yeyote ataruhusiwa kuonja."

"Badilisheni."

"Umetusamehe?"

Pimbi alikuwa akiosha kibuyu. Akakiosha, akakigeuza, akakiosha tena. Ngiri akasubiri mpaka miguu ikamchoka, akaondoka zake.

Sheria ikabadilishwa, na ni sheria nzuri. Kila kiangazi wanyama hula kachumbari ya ndimu na meno yao ni imara. Lakini Pimbi hulala peke yake kwenye mawe, na mawe ni baridi.

Funzo langu sitalizungusha. Jambo linaloweza kuonjwa halikataliwi kwa maneno. Na anayeleta dawa asiulizwe umri wake wala ujike wake. Ipimwe dawa, tena ipimwe leo, kwa maana ugonjwa hauhudhurii baraza.

Ngano yangu naitua hapa, mwenye kuibeba aibebe. Tumeongea saa nzima tumekaa mkekani, na Mwatumu, binti anayetupikia, yuko jikoni peke yake tangu tuanze. Wewe uliye karibu na mlango, tafadhali nenda ukamwite, aje aketi nasi.