Mkate wa Mwisho wa Noémie

Sogeeni karibu, hii nataka mnisaidie kuiamua.

Katika kijiji kimoja cha milimani, huko Ufaransa, chenye nyumba za mawe na tanuri moja la mkate kwa wote, waliishi watu watatu wenye vipawa. Firmin, mpiga kengele, alikuwa na mikono isiyochoka. Léonie alikuwa na masikio yanayotenganisha kilio cha mtu na mlio wa upepo. Baptistin alikuwa na miguu iliyoijua njia hata ikifukiwa na theluji.

Aliishi pia Anselme, fundi viatu mwenye goti bovu, na mkewe Noémie. Noémie alitoka bonde la pili. Miaka yote ya ndoa yake walimwita "yule mgeni", na siku ya kuoka walimpa zamu ya mwisho, tanuri likiwa limeanza kupoa. Mikate yake ilitoka imepauka. Anselme aliila na kuisifu.

Siku moja dhoruba ya theluji ilimkuta Noémie njiani akirudi sokoni.

Firmin akapanda mnarani, akapiga kengele ili aliyepotea aifuate sauti. Alipiga mpaka viganja vikachubuka. Noémie akaifuata, akakaribia, akaanguka.

Léonie akasimama mlangoni, akatega sikio. "Analia kule, kwenye misonobari," akasema. Hakuna mwingine aliyesikia kitu.

Baptistin akaenda alikoelekezwa, theluji ikimfika kiunoni, akamrudisha mgongoni.

Noémie akafika kwake akiwa hai. Akamtazama mumewe miguuni. "Nikitoka kidogo tu, unavaa soksi zisizofanana." Siku chache baadaye homa ya mapafu ikamuua.

Desturi yao ni hii: aliyeokolewa kwenye theluji humpa mwokozi wake mkate aliouoka mwenyewe. Haukatwi, hupewa mtu mmoja. Naye aliyeupokea huoka wa kwanza mwaka mzima, tanuri likiwa na moto wake wote. Kabatini kwa Anselme ulibaki mkate mmoja tu aliouoka Noémie.

Siku ya mazishi wale watatu walimfuata Anselme makaburini, koleo la kufukia kaburi likiwa bado mkononi mwake.

"Pole sana, Anselme," Firmin akasema. "Ila bila kengele yangu angetumbukia korongoni."

"Kengele!" Léonie akaguna. "Baba Firmin, kengele yako ilimwacha kwenye misonobari. Mngempata kwa kunusa?"

"Na wewe, mama, ulimbeba kwa masikio?" Baptistin akauliza.

Anselme akawatazama. "Nani kati yenu amewahi kuonja mkate wa mke wangu?"

"Hayo ni mengine," Firmin akasema. "Desturi ni desturi. Kesho tutakuja."

Anselme akarudi nyumbani, akafungua kabati. Juu ya mkate, pale Noémie alipoubonyeza kabla ya kuuoka, zilibaki alama za vidole vyake. Akimpa mmoja, wawili watakuwa wamedhulumiwa. Akiuweka, kijiji kitasema yule mgeni ameondoka bila kushukuru. Naye hana kingine chenye alama za mikono ile.

Sasa wako mlangoni, wote watatu, wanabisha. Je, wewe ungempa nani mkate huu? Au usingefungua?